Sensa Kwanza, Geji Baadaye

  Ndugu wasikilizaji wa Bujumbura, Kajaga na Gatumba, leo nazungumza na wenye magari, hasa wale wanaotamani kufunga kwenye dashibodi geji inayoonyesha mchanganyiko wa hewa na mafuta. Vijana wengi wanaopita barabara ya Gatumba huniuliza ipi ni nzuri: yenye mshale au yenye namba, ya duara au ya pembe nne, ya kampuni hii au ile. Nawajibu wote jambo moja. Msianze na geji, anzeni na sensa. Geji ni uso tu. Anayepima ni sensa iliyochomekwa kwenye bomba la moshi, na kwa esansi, yaani petroli, tunayoitia kwenye matangi yetu, sensa hiyo itakufa mapema kuliko unavyodhani. Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni hili: ikifa, nyingine nitaipata wapi, kwa fedha gani, na fundi gani ataifunga bila kuiua tena?

Tuanze na hiyo esansi, maana ndiyo kiini cha mambo. Tangu mwaka 2021 uhaba wa mafuta umetuandama. Magari yamelala kwenye foleni za vituo, watu wamekwenda kazini kwa miguu, na wenye haraka wamenunua kwenye bidoni na chupa. Sehemu ya mafuta hayo imetoka Kongo, ikapita mpaka wa Gatumba, ikaja kwa barabara ileile inayopita Kajaga. Simlaumu anayeuza, naye anatafuta chakula cha watoto. Lakini bidoni haina cheti. Hujui kama mna mafuta ya taa yaliyochanganywa, maji yaliyoingia njiani, au kutu ya pipa la zamani. Injini italazimika kuyaunguza yote hayo, na moshi wake wote utapita juu ya kauri ndogo iliyomo ndani ya sensa.

Namba moja lazima tuielewe vizuri. Ili kilo moja ya petroli iungue yote, bila kubaki petroli wala oksijeni, inahitaji kilo 14.7 za hewa. Hewa ikipungua hapo, mchanganyiko ni mzito: moshi mweusi, plagi zinashika masizi, tangi linakauka kabla hujafika. Hewa ikizidi, mchanganyiko ni mwepesi: gari linakosa nguvu, injini inapata joto, na ukilibana mlimani vali na pistoni zinaweza kuungua. Tena injini haitaki 14.7 wakati wote. Ukitembea taratibu kwenye tambarare kutoka Kajaga kuelekea mjini, 14.7 inafaa kabisa. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, injini isiyo na tabo inataka kati ya 12.5 na 13, na yenye tabo inataka mzito zaidi, 11.5 hivi, kwa sababu mafuta ya ziada yanasaidia kupooza chumba cha kuunguzia.

Sasa sensa. Bosch walianza kuitengeneza kwa ajili ya magari mwaka 1976, na Volvo ndio waliotangulia kuifunga, kwenye magari waliyoyapeleka Marekani. Ndani yake mna kauri ya zirkonia ambayo, ikipata joto la nyuzi 300 na zaidi, huruhusu oksijeni kupenya ndani yake. Upande mmoja wa kauri unagusa moshi, upande wa pili unagusa hewa safi ya nje, na tofauti ya oksijeni baina ya pande hizo huzaa umeme kidogo. Mchanganyiko ukiwa mzito, umeme ni karibu volti 0.9. Ukiwa mwepesi, ni karibu 0.1. Pale katikati, kwenye 14.7, umeme unaruka ghafla kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hii ndiyo sensa ya kawaida iliyomo kwenye magari yetu mengi. Ni kama mtu anayeonja mchuzi akasema chumvi imezidi, asiweze kukwambia imezidi kijiko kimoja au vitatu. Kompyuta ya gari inaridhika na jibu hilo, kwa sababu inaongeza na kupunguza mafuta kidogokidogo siku nzima. Wewe unayetaka kujua injini ina 12 au 13 mlimani, jibu hilo halikutoshi.

Ndiyo maana nawaomba msinunue zile geji za bei ndogo zenye msururu wa taa za kijani, njano na nyekundu. Zinaunganishwa kwenye waya wa sensa ya kawaida, na kwa kuwa sensa hiyo huruka juu na chini wakati wote injini inapofanya kazi, taa nazo zitacheza kushoto na kulia hata gari likiwa halina kasoro yoyote. Usiku zinapendeza. Kwa kutengeneza gari hazina faida, na fedha hiyo ingekununulia plagi nne mpya.

Geji ya kweli inahitaji sensa ya aina nyingine, ambayo wengi wanaiita waidibendi. Hii ina kauri mbili zinazosaidiana. Moja inapima, ya pili inafanya kazi ya pampu: inasukuma oksijeni kuingia au kutoka kwenye kichumba kidogo mpaka mle ndani pawe sawa na ile 14.7. Umeme unaotumika kusukuma ndio unaosema mchanganyiko uko wapi hasa, kuanzia mzito wa 10 hadi mwepesi wa 18 na zaidi. Kwa kazi hiyo kauri inapashwa moto na hita yake mpaka karibu nyuzi 780. Kumbukeni joto hilo, nitalirudia tutakapofika kwenye maji.

Sokoni mtakutana na majina mawili ya sensa za Bosch: LSU 4.2 na LSU 4.9. Muuzaji atakwambia ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Ya 4.2 inategemea hewa ya nje kujilinganisha, na kila baada ya muda inabidi uitoe kwenye bomba, uiache kwenye hewa safi, geji ijirekebishe. Ya 4.9 inajitengenezea yenyewe oksijeni ya kujilinganisha, kwa hiyo vumbi, unyevu na moshi unaozunguka chini ya gari haviisumbui sana. Hita zao nazo zinaongozwa kwa namna tofauti: geji inasoma ukinzani wa kauri ili ijue joto lake, ambao ni omu 80 kwa 4.2 na omu 300 kwa 4.9. Geji iliyotengenezwa kwa moja ikilazimishwa nyingine haitajua joto la kweli la kauri, namba zitakuwa za uongo, na sensa inaweza kuungua. Soketi zao zimetengenezwa tofauti ili watu wasizichanganye, lakini sote tunajua koleo na mkanda wa umeme vinavyoweza kufanya.

Mimi nachagua 4.9, na kwa mtu wa Bujumbura sioni sababu ya kuchagua nyingine. Geji ya AEM ya X-Series inatumia 4.9 na haidai kulinganishwa kwenye hewa safi. Innovate wana MTX-L: ya zamani ilitumia 4.2, ile iliyoandikwa Plus inatumia 4.9, kwa hiyo ukiinunua mtumba soma boksi kwa makini. Hizi ni geji za dola 200 hivi, na sensa peke yake ni chini ya nusu ya hapo. Kwa hali ya dola ilivyo hapa kwetu, hiyo ni fedha nzito, na ndiyo sababu nasisitiza: ukiagiza geji, agiza na sensa ya pili siku hiyohiyo, uiweke nyumbani ikiwa kwenye boksi lake. Namba ya Bosch ya ile 4.9 inayotumiwa na geji nyingi ni 0 258 017 025, na wengi huitaja kwa tarakimu tano za mwisho tu, 17025. Andika namba hiyo kwenye karatasi umpe dereva wa lori anayekwenda Dar es Salaam, atafute Kariakoo. Au ndugu aliyeko Kampala, aulize soko la Kisekka. Au aliyeko Nairobi, apite Kirinyaga Road. Walioko Dubai na Sharjah nao wanaweza kusaidia. Ila ya bandia ni nyingi kuliko ya kweli, hasa kwenye maduka ya mtandaoni. Ukiona 17025 inauzwa kwa robo ya bei ya wengine, hiyo si Bosch.

Sasa nizungumze na mafundi wetu wa Buyenzi, kwa heshima kubwa, kwa sababu mtaa ule umebeba magari ya nchi hii miaka mingi. Mabwana mafundi, soketi ya sensa hii msiikate. Kila sensa inapotoka kiwandani hupimwa, kisha ndani ya soketi yake huwekwa kirizista kidogo kinachosahihisha kasoro ya sensa hiyo peke yake. Waya ni tano, tundu ni sita, na lile la sita lina kazi hiyo. Ukikata soketi ukazungushia waya, umetupa kipimo cha kiwandani, na namba zote zitakazoonekana kwenye geji zitakuwa za kubahatisha. Hata kwenye sensa za kawaida za gari, kulehemu waya kwa risasi si vizuri, kwa sababu nyingi zinapata hewa yao safi kupitia ndani ya waya. Bana kwa viunganishi.

Mahali pa kufunga ni jambo la kufikiriwa. Iwe mbele ya kikatalisti kama bado kipo (kwenye magari mengi kimeshatolewa na kuuzwa), na nyuma ya tabo kama injini ina tabo, ili isipigwe na joto kali wala shinikizo. Kutoka kwenye injini iwe kati ya sentimita 60 na 90. Ichomekwe upande wa juu wa bomba, ikiinama kidogo, kamwe isiwe upande wa chini, kwa sababu chini ndiko maji yanakokusanyika. Na kabla ya kuchomelea tundu, hakikisheni bomba halina ufa kati ya injini na sensa. Ufa unanyonya hewa ya nje, sensa inaona oksijeni nyingi, geji inasema mwepesi, na fundi anaongeza mafuta kwa injini ambayo haikuwa na kosa lolote. Silinda inayokosa moto inadanganya vilevile: petroli inatoka bila kuungua, oksijeni nayo inatoka bila kutumika, na sensa inahesabu oksijeni tu. Kwa hiyo plagi na koili zipimwe kwanza.

Kuhusu vinavyoiua sensa, zamani adui mkubwa alikuwa risasi iliyotiwa ndani ya petroli. Mwezi wa Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikakubaliana kuiondoa, na kufikia tarehe 1 Januari 2006 ilikuwa imeondoka. Algeria ilimaliza mwaka 2021, ikawa ya mwisho duniani. Adui huyo amekwenda, lakini wengine wamebaki. Silikoni ya kubandikia gasketi, ile isiyo salama kwa sensa, hutoa mvuke unaopakaa kauri utando mweupe, na sensa haiponi tena. Injini inayokula oili huifunika majivu. Kama gari lako linatoa moshi wa buluu asubuhi, fedha ya geji ipeleke kwenye pete za pistoni. Nalisema hili nikimaanisha.

Na sasa maji, wenzangu wa Kajaga. Mnakumbuka mto Rusizi ulivyovunja kingo ukaingia Gatumba mwaka 2020, na ziwa lilivyopanda mwaka 2021, kisha likarudi kwa nguvu zaidi mwaka 2024, maji yakafika barabarani na majumbani. Kauri yenye nyuzi 780 ikiguswa na tone la maji hupasuka. Maji hayo hayahitaji kutoka ziwani. Unyevu uliolala ndani ya bomba usiku kucha unatosha. Ndiyo maana geji isiunganishwe moja kwa moja na betri. Ipate umeme kwenye waya unaowaka pale injini inapofanya kazi. Usiwashe ufunguo ukakaa dakika kumi unasikiliza redio huku injini imezimwa, hata kama redio hiyo ni yetu, kwa sababu hita inawaka ndani ya bomba lenye maji. Kinyume chake pia ni kibaya: sensa iliyochomekwa bombani bila umeme, gari likitembea, huzibwa na masizi. Kama geji imeharibika na unasubiri nyingine, toa sensa, ziba tundu kwa boliti.

Kuna mahali ambapo geji hii inalipa gharama yake yote, nako ni mlimani. Bujumbura iko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukishika barabara ya Bugarama, kwa kilomita 35 hivi umefika zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa huo. Hewa kule ni nyepesi. Uzito wake umepungua zaidi ya asilimia 10. Gari lenye kompyuta linatambua na kupunguza mafuta. Lenye karibureta halitambui. Hesabu inaonyesha mchanganyiko wake utakuwa mzito kwa asilimia 7 hivi, yaani 14.7 ya Kajaga itakuwa chini ya 14 ukifika kileleni. Mwenye gari la zamani aliyerekebishiwa karibureta Buyenzi, kisha akapanda kwenda Muramvya na Gitega, ndiye anayelalamika kwamba gari linakohoa na kunuka petroli. Fundi akiwa na geji anaweza kupanda naye mpaka juu, akaona namba, akachagua jeti inayokubalika kote kuwili. Bila geji anasikiliza kwa sikio, na sikio la fundi mzuri ni hazina, ila haliwezi kutofautisha 13.5 na 14.5.

Mkiwa mnaweza, iwekeni geji ionyeshe lamda badala ya ile 14.7. Lamda 1.00 ni mahali ambapo hewa na mafuta vinatoshana, mafuta yawe ya aina yoyote. Ile 14.7 ni ya petroli safi. Petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli inataka 14.1 tu. Sensa yenyewe inajua lamda. Namba ya 14.7 ni hesabu inayofanywa na geji ikidhani ndani ya tangi mna petroli tupu. Na sisi wa bidoni hatuna uhakika huo.

Lakini jambo moja geji haitakwambia kamwe. Esansi iliyochanganywa na mafuta ya taa inaweza kuonyesha 14.7 nzuri kabisa huku injini inagonga ndani, kwa sababu mafuta ya taa yanashusha oktani, na oktani haipimwi na sensa ya oksijeni. Ukisikia injini inagongagonga ukikanyaga mlimani, achia mafuta hata kama namba ni nzuri. Sikio hapo ndilo linalotangulia.

Kwa hiyo, nani anunue? Mwenye karibureta anayepanda milima, ndiyo. Aliyebadilisha injini au aliyeongeza tabo, ndiyo, tena kabla hajaliendesha kwa nguvu hata mara moja. Mwenye Probox ya kawaida ambayo taa ya injini inawaka, hapana. Huyo atafute kwanza kifaa kidogo cha kusomea gari, kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu. Kitamwonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta kwa asilimia ngapi. Ikiwa inaongeza zaidi ya asilimia 10 muda wote, kuna hewa inayovuja kuingia, pampu imechoka, au sensa imeanza kudanganya, na fundi ana pa kuanzia. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayazungumzi na vifaa vya bei ndogo, kwa hiyo kijaribu kwanza kabla hujalipa.

Na wenye Toyota, tafadhali, sikilizeni hapa. Toyota nyingi zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 zina sensa ya mbele ambayo si ile ya kawaida ya volti 0.1 na 0.9, ni ya kupima uwiano wenyewe. Ina waya nne, na kwa macho inafanana na ya kawaida kabisa. Kwenye marundo ya vipuri vya mtumba utapewa yoyote inayoingia kwenye tundu. Ukifunga ya kawaida mahali pa ile nyingine, kompyuta inapotea, gari linakunywa mafuta, na utabadilisha sensa mbili tatu ukiamini zote ni mbovu. Nenda na sensa yako ya zamani mkononi, soma namba ya Denso iliyochongwa juu yake, nunua namba hiyohiyo.

Wenye magari ya mazutu, yaani dizeli, wameniuliza kama nao wafunge. Injini ya mazutu haina 14.7 ya kufuata. Kazini hutembea na hewa nyingi kuliko inavyohitaji, na masizi yake yanaweza kuichafua sensa. Lori lenye tabo linalopanda Bugarama na mzigo linahitaji geji ya joto la moshi, ambayo ni waya mmoja wa kupimia joto na saa moja ya mshale, na bei yake ni ndogo kuliko hizi zote. Namna ya kuichagua na mahali pa kutoboa bomba, nitaeleza wiki ijayo, saa hizihizi.